Risasi iliyokatazwa vitani yapendwa nyumbani

Miongoni mwa wapenzi wa bunduki nchini Marekani, mjadala usiokwisha ni kuhusu risasi ifaayo kulinda nyumba. Wengi huchagua ile yenye tundu kwenye ncha. Ikigonga mwili hupanuka kama uyoga na kwa kawaida hubaki humo humo, ilhali iliyofunikwa kwa madini kote huweza kutokea upande wa pili na kumjeruhi asiyehusika.

Ajabu ni kwamba risasi za kupanuka zilipigwa marufuku vitani na Azimio la Hague la 1899, baada ya Waingereza kutengeneza zao katika kiwanda cha Dum Dum nchini India. Marekani haikujiunga na azimio hilo, lakini kwa miaka mingi wanajeshi wake walipewa hasa risasi zilizofunikwa. Hivyo wengi wa wakongwe wa vita wanaoenziwa huko kila Novemba 11 walirejea makwao wakakuta dukani risasi ambayo hawakuibeba vitani.

Hata hiyo ina hatari yake. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni vibao vyembamba vya jasi. Risasi ikimkosa mvamizi huweza kupenya hadi chumba wanamolala watoto. Na jasi ikijaa tunduni, ncha huenda isipanuke, ikawa haina tofauti na ile ya jeshini.