Butembo na Beni: kwa nini mvua inashinda barabara zetu, na namna ya kujenga vitu vinavyodumu

Muji wa Butembo umejengwa juu ya vilima, kwenye urefu wa zaidi ya metre 1,700. Kila mvua kubwa inashuka mabondeni kuelekea mito kama Kimemi, na inabeba udongo wa barabara. Beni iko chini kidogo, lakini shida ni moja: mifereji inajaa, madaraja yanaliwa pembeni, mashimo ya eroziyo yanakaribia manyumba.

Mvua imebadilika namna gani?

Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1, inaweza kubeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi. Mvuke ule unarudi chini, mara nyingi kwa mvua kali ya muda mfupi. Hata juu ya Ruwenzori tunaona alama: barafu iliyofunika karibu kilometre 6.5 za mraba mwaka 1906, leo haifiki hata 1.

Jirani zetu wameonja. Huko Kasese, Uganda, mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, tena Mei 2020, na maji ikaingia hospitali ya Kilembe. Huko Kalehe, Kivu ya Kusini, mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400 kule Bushushu na Nyamukubi.

Maji ya paa zetu

Tupige hesabu. Nyumba yenye paa ya metre 50 za mraba, mvua ikinyesha milimetre 40, inatoa litre 2,000. Ni bidoni 100 za litre 20. Avenu yenye nyumba 100 inamwaga bidoni 10,000 barabarani kwa mvua moja tu. Zamani pale palikuwa shamba na miti, udongo ulikunywa sehemu kubwa. Leo kuna mabati na udongo uliokanyagwa. Tena vita imesukuma watu wengi kukimbilia miji hii, na wengine wanajenga kwenye miteremko na kando ya mito.

Kujenga kwa kuvumilia ni nini?

Ni kupima kanivo na daraja kwa mvua kubwa inayokuja, si kwa mvua ya kawaida ya zamani. Mambo makubwa ni haya:

- Barabara ya udongo iwe na mgongo katikati, maji ikimbilie pembeni haraka.
- Kanivo iwe na mwisho salama. Kanivo inayomwaga maji kwenye mteremko mtupu ndiyo inayozaa shimo la eroziyo.
- Mbio ya maji ipunguzwe kwa ngazi za mawe, au gabioni, yaani nyavu za chuma zilizojazwa mawe.
- Miteremko ifunikwe kwa mianzi, vetiveri na majani ya tembo, sababu mizizi inashika udongo.
- Kila parseli ivune maji ya paa ndani ya tangi au pipa, na inayobaki iingie shimo la kunywea maji.

Kazi ya nani?

Barabara kubwa za taifa, kama ile ya Beni–Butembo na Beni–Kasindi, ni kazi ya Office des Routes. Mfuko wa matengenezo, FONER, uliundwa mwaka 2008 na unalishwa na peaji na kodi ya mafuta ya gari. Ndani ya muji, ni meri na komini. Lakini kanivo iliyojaa plastiki haiwezi kupitisha maji, hata ikiwa mpya: pale salongo ya avenu inasaidia kuliko simenti.

Barabara ikikatika, mgonjwa hafiki hospitali, na mandizi na mihogo vinaoza njiani. Kwa hiyo mradi mpya ukitangazwa kwenu, ulizeni maswali matatu: maji itaishia wapi? Imepimwa kwa mvua gani? Nani ataisafisha, na kwa feza gani? Yakikosa jibu, mvua itajibu yenyewe.