Kwa nini tunapima maji kabla ya kumuunganisha mgonjwa (Sehemu ya 3)

Juzi mama mmoja wa Naliendele alinijia juu. Mumewe ameshalala kitandani tayari kusafishwa damu, mimi nikasema tusubiri, maji hayajapita kipimo. "Mwanangu nesi, maji si hayo yanatoka bombani? Kama hamyaamini, chemsheni!"

Swali zuri kabisa. Ila hapa kuchemsha hakusaidii, na watu wamekufa mpaka hilo likaeleweka.

Wewe ukinywa lita zako mbili kwa siku, tumbo linachuja, figo zinatoa taka. Mgonjwa wa figo anakaa kwenye mashine kama saa nne, na muda huo lita 120 hivi za maji zinapita jirani na damu yake. Katikati kuna utando mwembamba tu. Sumu ndogo ikivuka, figo za kuitoa hana.

Miaka ya 1970, huko Uingereza na Marekani, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu walianza kushikwa na kigugumizi, kusahau, degedege, kisha kufa. Mwaka 1976 daktari Allen Alfrey na wenzake wakaonyesha kwamba bongo zao zilikuwa na aluminiamu nyingi. Nyingine ilitoka kwenye dawa, nyingine kwenye maji yenyewe, maana mitambo ya maji hutia chumvi ya aluminiamu ili tope litulie. Ile shabu mnayotia kwenye ndoo ni ndugu yake. Chemsha utakavyo, inabaki.

Halafu Februari 1996, mji wa Caruaru, Brazil. Ukame, maji ya kliniki yanaletwa kwa maboza kutoka bwawani, hayajasafishwa inavyotakiwa. Ndani yake kulikuwa na sumu ya vijidudu vya kijani vinavyoota kwenye maji yaliyotuama. Kati ya wagonjwa 131, 116 walianza kuona ukungu, kichefuchefu, kutapika. Mia moja ini likafeli. Hadi mwisho wa mwaka, vifo 52 vilihesabiwa kutokana na maji yale. Kila nikiisoma nawaza wale manesi, waliowaunganisha kwa mikono yao wenyewe.

Hata klorini, rafiki yetu wa kuzuia kipindupindu, ikipita kwenye mashine inapasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana maji yanapitishwa kwenye matangi ya mkaa, na tunapima kabla ya kila zamu. Siku ile mkaa ulikuwa umechoka.

Fundi akaja, tukapima tena, ikakubali. Saa nne asubuhi mzee akaunganishwa, mkewe bado kaninunia.