"Distribute" na ndugu zake: kugawa kwa kimombo si neno moja

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuingie darasani. Hapa kafe kila siku naona vijana wenzangu wanaandika barua za kazi na michanganuo ya vikundi, na kila panapotakiwa neno la kugawa wanapachika "distribute". Chumba wanachokaa wawili, "distribute". Faida ya biashara, "distribute". Bili ya chipsi, "distribute". Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, si mwalimu wa mtu, ila kazi ya kuandikia watu barua imenifundisha kwamba neno hili lina ndugu wengi na kila mmoja ana kazi yake. Ukiwachanganya, siku nyingine unachekwa tu. Siku nyingine unaingia hasara.

Tuanze na siri yenyewe. Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi: kugawa, kugawia, kugawana, kugawanya. Mzizi ni ule ule. Kiingereza hakina mkia huo, kwa hiyo kinabadilisha neno zima. Kabla ya kuandika jiulize kwanza: nani anatoa, nani anapokea, na kitu chenyewe kinakatwa au kinabaki kizima?

DISTRIBUTE
Ni kugawa kwa wengi, au kusambaza sehemu nyingi. Asili yake ni Kilatini: "dis", yaani huku na huku, na "tribuere", yaani kutoa au kugawia. Lazima awepo anayetoa na wawepo wengi wanaopokea. "They distributed mosquito nets to the villagers", waliwagawia wanakijiji vyandarua. Msambazaji wa soda au sementi ni "distributor". Waulize hata mafundi magari: injini za petroli za zamani zina kifaa wanachokiita distibyuta, kazi yake kupeleka moto wa koili kwenye kila plagi kwa zamu. Koili moja, plagi nyingi. Ukikumbuka kifaa hicho neno hili halikupotei.

GIVE OUT, HAND OUT
Haya ndiyo ya mdomoni. "Distribute" limevaa tai, ni la ofisini na kwenye ripoti. Mwalimu akigawa karatasi darasani, Mwingereza wa kawaida atasema "hand out". Zile karatasi za semina zinaitwa "handouts". Ila angalia, "handout" ni msaada wa bure pia, na mara nyingi linasemwa kwa dharau kidogo.

SHARE
Hili ni kugawana, au kutumia kitu kwa pamoja. "I share a room with my brother", nakaa chumba kimoja na kaka yangu. Hakuna aliyekata chumba. Ukiandika "I distribute a room with my brother" msomaji atabaki anashangaa, labda wewe ni dalali unayegawa vyumba. "Share" ni hisa pia, maana mwanzo wake kwenye Kiingereza cha kale ni kukata, ni ndugu wa "shear", kukata manyoya ya kondoo. Na ku-share picha kwenye intaneti ni uungwana wa bei rahisi: unampa mwenzako na yako inabaki.

DIVIDE, SPLIT
Kugawanya, kitu kinakatika vipande. "Divide the cake into six." Kwenye hesabu, "twelve divided by three". Humo humo ndimo lilimotoka "dividend", lile gawio wanalopata wenye hisa. "Split" ni la mtaani zaidi: "Let's split the bill", tugawane bili.

RATION
Hapa wabongo hatuhitaji tuisheni: ni mgao! Kugawa kidogo kidogo kwa sababu kitu hakitoshi. Uingereza walikaa na mgao wa chakula toka mwaka 1940 wakati wa vita mpaka 1954. Sisi mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa kama Mtera, magazeti ya Kiingereza yaliandika "power rationing". Afrika Kusini jambo hilo hilo wanaliita "load shedding". Kwa hiyo usiandike "distribution of electricity" ukimaanisha mgao. Hiyo ni kusambaza umeme, yaani kinyume kabisa cha giza unalolalamikia.

DEAL, DOLE OUT, DISH OUT
"Deal" ni kugawa karata. "Dole out" ni kutoa kwa kupimapima, na ni ndugu wa damu wa "deal", yote mawili yametoka kwenye neno la kale la kugawa. "Dish out" ni kupakua chakula, halafu likahamia kwenye adhabu na maneno makali: "He dishes out insults", anagawa matusi kama ubwabwa wa shughuli.

ALLOT, ALLOCATE
Hapa sasa ndipo penye pesa, naomba msome taratibu. "Allot" lina "lot" ndani yake, yaani kura: kumpa mtu fungu lake. "Allocate" ni kutenga, kupangia. Kitu kimeandikwa jina lako, lakini bado hakijafika mkononi.

Kuna kikundi cha vijana mtaani kwetu wanafuga kuku. Shirika moja la misaada liliwaandikia: "Funds have been allocated to your group." Wakashangilia, wakachukua vifaranga na chakula kwa mkopo wakijua hela iko benki. Haikuwepo. Mwenyekiti wao alipoleta barua nimsaidie kuandika malalamiko, hakukuwa na la kulalamikia: barua ilisema fungu limetengwa, basi. Hela ilifika baada ya miezi mitano. Kuku walishabebwa na mwenye deni.

Kwa hiyo shika mfuatano huu. "Allocated": imetengwa, iko kwenye karatasi. "Disbursed": imetolewa, imetoka kwenye akaunti. "Distributed": imegawiwa, iko kwa walengwa. Ukiona la kwanza peke yake, usikope. Jibu barua kwa adabu: "When will the funds be disbursed?"

Majirani zetu Kenya wameyaweka maneno haya kwenye sheria. Kwa Katiba yao ya 2010, "Division of Revenue Bill" inagawanya mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa ujumla. Halafu "County Allocation of Revenue Bill" inapangia kila moja ya kaunti 47 fungu lake. Fungu la kaunti, lisilotakiwa kuwa chini ya asilimia 15, linaitwa "equitable share". Si "equal". "Equal" ni sawasawa kwa kila mtu, "equitable" ni kwa haki. Ugomvi uko hapo hapo: mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kuhusu fomula ya kugawa, na huko kwenye kaunti hela zikawa zinasubiriwa.

VIJIMAKOSA VYA KUKWEPA
- Usiseme "distribute me a book". Ni "give me a book". Kitu kwanza, halafu "to": "distribute books to us".
- Watu wawili ni "between", wengi kwa ujumla ni "among": "divide it between the two boys", "distribute it among the students".
- "Share" linatembea na "with": "share it with me".
- Matamshi: mkazo uko katikati, dis-TRI-bute. Sisi tumezoea kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, ila hapa bahati yetu, ni hiyo hiyo, usiongeze tu "ti" ya Kiswahili mwishoni.

Kazi kwenu wadau. Na kama kuna barua yenye neno "allocated" uliyoletewa, ipitie tena leo kabla hujaenda kukopa. Mwenye neno jingine la kugawa nililolisahau alitupie hapo chini kwenye maoni, tugawane.