MAMA MOSAMBIKI: ALBAMU MOJA NA MPAKA WA KUSINI WA KISWAHILI

Kila mwaka tunapofundisha somo la lahaja hufika siku ya ramani. Tunaanza Barawa, tunateremka Lamu, Mvita, Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa, na tukifika mto Ruvuma chaki husita. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja huuliza: "Mwalimu, ng'ambo ya pili wanasema nini?" Jibu la haraka ni kwamba wanasema Kimwani, na tunaendelea na kipindi. Katika toleo hili tumeona tusiendelee haraka hivyo. Tutaingia kwa mlango ambao pengine msomaji hakuutarajia, yaani kwa albamu ya muziki.

Albamu yenyewe ni Mama Mosambiki ya kundi la Eyuphuro, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ya Real World ya Uingereza, ambayo mwanamuziki Peter Gabriel alishiriki kuianzisha mwaka 1989. Kundi lilianzishwa mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, na miongoni mwa nguzo zake walikuwa Omar Issa, Gimo Remane na mwimbaji Zena Bacar. Jina Eyuphuro ni la Kimakua, na maana yake ni kisulisuli. Wasomaji wenye sikio la fonolojia wasiipite ile ph. Si f hata kidogo, bali ni p yenye mpumuo, na Kimakua hutofautisha maneno kwa mpumuo huo. Watangazaji wengi wa ng'ambo waliitamka kama f, na hilo tu linatosha kutuonyesha jinsi albamu ilivyopokelewa: sauti iliingia na lugha ikabaki mlangoni.

Tunajua tutaulizwa: Nampula siyo Cabo Delgado, na Kimakua siyo Kiswahili. Ni kweli. Mto Lúrio unaitenga mikoa hiyo miwili. Hata hivyo mwambao haukatiki pale. Kimakua huzungumzwa pande zote mbili za mto, na wanawake wa Ibo, Quissanga na Pemba (tunasema Pemba ya Msumbiji, siyo ile ya karafuu) hucheza tufo kama wenzao wa Kisiwa cha Msumbiji. Neno tufo ni lile lile dufu letu, kutoka Kiarabu. Inasimuliwa kisiwani kwamba ngoma hiyo ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mfanyabiashara kutoka Kilwa. Aidha, miongoni mwa midundo inayotajwa kila Eyuphuro inapoelezwa kuna chakacha, ambayo msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo albamu hii imeimbwa kwa Kimakua, lakini viuno vinavyoicheza ni vya mwambao mzima.

Upande wa kaskazini zaidi mambo yanazidi kuwa karibu nasi. Ghuba ya Tungi, ulipo mji wa Palma leo, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja mpaka Wareno walipoitwaa mwaka 1887. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Historia mjini Maputo zimo barua za karne ya 19 ambazo wakubwa wa pwani ile waliwaandikia Wareno kwa hati za Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili. Bi Liazzat Bonate amezifanyia kazi kubwa barua hizo, na tungependa kuona mwanafunzi wetu mmoja akifuata nyayo zake. Kuhusu Kimwani chenyewe, Thilo Schadeberg aliandika mwaka 1994 akikiweka pembezoni mwa Kiswahili upande wa kusini. Sisi neno "pembezoni" halitupendezi sana, maana mtu wa Mocímboa da Praia hajioni yuko pembezoni mwa chochote. Lakini hayo ni mabishano ya siku nyingine.

Turudi kwenye albamu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi lilizunguka Ulaya na Amerika Kaskazini. Ilikuwa zamani nzuri kwa wanamuziki wa Afrika huko, kwani mwaka 1987 wenye makampuni madogo ya rekodi walikutana London wakakubaliana juu ya jina moja la rafu ya dukani, "muziki wa dunia". Mama Mosambiki iliwekwa katika rafu hiyo. Wasikilizaji waliipenda sauti ya Zena Bacar, nene kidogo, isiyoharakishwa, inayoingia juu ya magitaa ya mbao kana kwamba anazungumza na jirani barazani. Nasi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ila tukumbuke kwamba wengi wa walioipenda hawakujua neno hata moja, na yeye alikuwa akiimba mambo ya kueleweka: ndoa, mienendo ya watu, na maisha ya mwanamke katika jamii ambayo ukoo huhesabiwa kwa mama na dini ni Uislamu.

Na nyumbani je? Albamu ilitoka vita vikiwa havijakwisha. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na kabla ya hapo barabara nyingi za kaskazini hazikupitika kwa usalama. Sahani ya CD ilikuwa kitu cha ugenini. Nyimbo za Kimakua zilifika majumbani kwa redio. Lugha rasmi ya taifa ni Kireno, ambacho FRELIMO ilikichagua kiwe lugha ya umoja, ingawa wapiganaji wake wengi walikuwa wamejifunza Kiswahili katika kambi za Kongwa na Nachingwea. Mwanamke wa pwani kuliita taifa zima "mama" kwa lugha ya kaskazini, sisi hatulioni kuwa jambo dogo.

Kundi lilisambaratika muda si mrefu baada ya albamu hiyo, Gimo Remane akahamia Denmark. Lilikusanyika tena mwishoni mwa miaka ya 1990, likatoa Yellela mwaka 2001.

Zena Bacar alifariki Desemba 2017. Miezi miwili kabla, tarehe 5 Oktoba, Mocímboa da Praia ilikuwa imeshambuliwa kwa mara ya kwanza, na Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Wengine walishuka kwa mashua katika ufuo wa Paquitequete, Pemba. Wengine walivuka Lúrio mpaka Nampula, wakiwa na Kimwani chao, Kimakonde chao na Kiswahili chao, wakapokewa na watu wa Kimakua. Ramani yetu ya ubaoni haina mshale wa safari hiyo.

Muhula ujao, siku ya ramani, tutaanza kwa kuupiga wimbo wa albamu hii uitwao Mwanuni. Maana yake ni ndege. Tutawaomba wanafunzi walisikilize neno hilo mara mbili tatu kabla hatujawatajia nyuni, lile neno la washairi wetu wa kale.