Mgeni Aliyejeruhiwa Nafsi na Mlango wa Uraia



Mambo ya Walawi, sura ya 19, yaagiza kwamba mgeni atendewe kama mzalia. Juma hili tumetafakari jinsi agizo hilo lilivyopata shida huko Marekani, pale mgeni alipokuwa mgonjwa wa nafsi.

Tangu mwaka 1906 sheria ya nchi hiyo ilimdai mwombaji uraia aseme Kiingereza. Mwaka 1950 ikaongeza kusoma, kuandika na kuijua historia ya taifa. Baada ya mwaka 1975 wakaja wakimbizi wa Kambodia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya Wakambodia wa Long Beach, California, ulikuta watu 62 katika kila 100 wakiteswa na kiwewe cha vita, na 51 wakiwa na sonona. Magonjwa haya huiba usingizi, kumbukumbu na utulivu wa akili. Mtu wa namna hiyo atakariri vipi majina ya marais?

Sheria ya mwaka 1996 iliongeza uchungu: mkimbizi mzee au mlemavu asiyepata uraia angekatiwa posho ya serikali baada ya miaka 5, muda uliosogezwa hadi 7 mwaka 1997. Mtihani ukawa suala la chakula.

Hata hivyo, mwaka 1994 Bunge lilikuwa limekwisha kuwasamehe mtihani wenye ulemavu wa mwili au wa akili. Daktari au mwanasaikolojia hujaza fomu N-648. Hapa ndipo wengi walipokwama, nasi twaona ndipo msaada ulipohitajika kuliko popote. Haitoshi daktari kuandika jina la ugonjwa. Sharti aeleze jinsi ugonjwa huo unavyomzuia mtu huyu kujifunza. Na daktari atajuaje, ikiwa mkalimani ni mwana wa mgonjwa, na mama aona haya kutaja mbele yake aliyotendewa? Wasaidizi wenye busara hutafuta mkalimani mwingine, na hawaharakishi maneno. Maaskofu Katoliki wa Marekani walikuwa wameanzisha mtandao wa msaada wa kisheria kwa wahamiaji tangu mwaka 1988.

Kilibaki kiapo. Asiyeweza kuelewa maana yake alinyimwa uraia, hata akiwa amesamehewa mtihani, mpaka sheria ya Novemba 2000 iliporuhusu asamehewe nacho.

Kuanzia mwaka 2007 mlango huo uliwafikia jirani zetu: Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao walikuwa wameishi katika kambi za Tanzania. Baadhi yao hawakupata kushika kalamu. Lakini kutojua kusoma hakumsamehe mtu mtihani. Ugonjwa ndio unaomsamehe. Mtu aliyekosa shule na pia kushuhudia ndugu zake wakiuawa huhitaji msaidizi atakayeketi naye kwa saa nyingi, akitenganisha mambo hayo mawili, kabla karatasi haijafika kwa daktari.