Nyakatuntu Ilihama Bila Kusogea

Mwaka 2012 Nyakatuntu, nchini Tanzania, ilihama wilaya bila kusogea hata hatua moja. Vilima vilibaki palepale, migomba na mibuni ikabaki mashambani, lakini kata iliyokuwa ya Karagwe ikawa ya Kyerwa, wilaya mpya iliyomegwa upande unaopakana na Rwanda na Uganda. Tangu hapo kila daftari, ramani na bahasha yenye maneno "Nyakatuntu, Karagwe" ikawa imechakaa. Aliyeiandika hakukosea, ila hakuna aliyerudi kuiandika upya. Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jambo dogo, kwani mpeleka habari atauliza njiani na ataelekezwa. Seva ya barua pepe haiulizi njiani. Leo halmashauri hizi mbili zina vikoa viwili, karagwedc.go.tz na kyerwadc.go.tz, na seva inayopokea barua haijui habari za kumegwa kwa wilaya mpaka mtu aiandikie: jina hili linapokelewa hapa, lile linapelekwa kule, hili la zamani lielekezwe kwa lile jipya. Mtu huyo naye, kabla ya kuandika, lazima asome mahali fulani jinsi maelekezo hayo yanavyoandikwa, katika faili gani, na kwa toleo lipi la programu.

Mahali hapo anaposoma ndipo pana historia isiyosimuliwa sana. Tukizungumzia barua pepe tunawataja wavumbuzi, na tukizungumzia programu huria tunaisifu misimbo. Ninavyoona mimi, historia ya seva huria za barua inaeleweka vizuri zaidi tukiifuata kama historia ya miongozo yake rejea, na katika miongozo hiyo kilichoamua mambo hakikuwa ustadi wa kuiandika. Kilichoamua ni kama kulikuwa na utaratibu wa kuirudia kila programu ilipobadilika. Mwongozo rejea si kitabu cha mafunzo. Uhusiano wake nacho ni kama wa kamusi na kitabu cha kiada: kitabu kinakufundisha kuogelea, mwongozo rejea unakupa kina cha maji mahali uliposimama. Ndani yake kila kigezo kina jina lake, thamani kinayoanza nayo kisipoguswa, thamani kinazokubali, na toleo kilipoingia. Hausomwi kwa raha. Hufunguliwa barua zikiwa zimekwama kwenye foleni na mkurugenzi anapiga simu.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko seva zenyewe. Mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na kurasa zake zilikuwa na sehemu ya kueleza kasoro za kila programu. Mfanyabiashara angeficha kasoro. Hawa waliziandika chini ya jina la kitu chenyewe. Ila ungamo la namna hiyo lina gharama: kasoro ikishatengenezwa, ukurasa usioguswa unageuka uongo. Aliyekubali kuorodhesha kasoro alikuwa amekubali pia kurudi kuzifuta.

Sendmail, seva huria ya barua, haikuwa na bahati ya kurudiwa namna hiyo, au tuseme ilikuwa nayo kwa nusu. Eric Allman aliiandika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikasambaa pamoja na 4.2BSD, toleo la Unix la chuo hicho, mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya waraka wa RFC 821 kuweka kanuni za SMTP, yaani namna seva zinavyopelekeana barua. Ilikuwa na mwongozo wake wa usimikaji, lakini faili lake la mipangilio lilikuwa gumu kiasi kwamba maarifa yake yalihamia nje. Mwaka 1993 Bryan Costales akatoa kitabu maarufu chenye picha ya popo jaladani, na toleo lake la tatu la mwaka 2002 lilipita kurasa elfu moja. Wapo wanaokitaja kitabu hicho kama ushahidi kwamba sendmail iliandikiwa vizuri kuliko programu nyingine yoyote. Kwa wingi na ubora wa maelezo ni kweli. Lakini kitabu cha kuchapwa kina tarehe ya kuzaliwa moja tu, na programu huzaliwa upya kila miezi kadhaa. Mwenye seva alijikuta na kitabu kizito kinachoeleza toleo alilokuwa nalo mwaka juzi, tena kwa bei ambayo fundi wa Bukoba au Kampala asingeimudu kirahisi.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka kwa qmail, seva nyingine ya barua. Daniel J. Bernstein alitoa toleo la 1.03 mwaka 1998 kisha akaacha. Programu haikubadilika, hivyo nyaraka zake hazikuweza kuchakaa. Kila sentensi iliyokuwa kweli mwaka ule ilibaki kweli miaka kumi baadaye. Je, dawa ya uchakavu si kuacha kubadilisha? Hapana, kwa sababu barua yenyewe ilibadilika. Kanuni za SMTP ziliandikwa upya mwaka 2001 na tena 2008, barua taka zikafurika, watu wakadai usimbaji wa mawasiliano na utambulisho wa mtumaji. Waliobaki na qmail wakaishi kwa viraka vya watu wengine, kila kiraka na maelezo yake, na mpaka Bernstein alipoiweka programu katika miliki ya umma mwaka 2007 hakuna aliyeruhusiwa kusambaza toleo lililorekebishwa likiwa zima. Mwongozo ulibaki mkweli kuhusu programu na ukawa mwongo kuhusu kazi. Ndiyo hali ya bahasha yetu ya Karagwe: kalamu haikukosea, nchi ndiyo iliyogawanywa.

Wawili waliojibu tatizo hili kwa utaratibu ni Wietse Venema na Philip Hazel, kila mmoja kwa tabia yake. Venema, akiwa katika maabara ya utafiti ya IBM, alitoa seva ya Postfix mwaka 1998. Aliuweka ukurasa wa mwongozo ndani ya faili la msimbo lenyewe, juu kabisa, kama maoni yanayochujwa na chombo kidogo na kugeuzwa kuwa kurasa za kusomwa. Anayefungua msimbo kuubadilisha anakutana kwanza na maelezo ya kile anachokaribia kukibadilisha. Akipita bila kuyagusa, anapita akijua. Vigezo vyote, ambavyo ni mamia, vinakaa katika faili moja la asili linalozaa ukurasa wa wavuti na ukurasa wa terminali kwa pamoja, na vilivyoongezwa baadaye vimeandikwa kwamba vinapatikana kuanzia toleo fulani. Maneno hayo machache yana thamani kubwa kwa fundi mwenye seva ya zamani asiyeweza kuisasisha wiki hii, kwa kuwa yanamwambia mapema kwamba anachokitafuta hana.

Hazel alikuwa Cambridge, katika idara ya huduma za kompyuta ya chuo kikuu, alipoanza seva ya Exim mwaka 1995. Yeye aliandika waraka mmoja mrefu, akauita tu maelezo rasmi ya programu, na akaulea kwa mkono uleule ulioandika msimbo. Alipochoshwa na vyombo vya kupanga kurasa aliandika chombo chake, xfpt, ili kuandika na kurekebisha kusiwe adhabu. (Anayetaka kujua kama mtu anachukulia nyaraka kwa uzito atazame kama amewahi kutengeneza zana kwa ajili yake.) Kando ya waraka mkuu kuna faili fupi linaloitwa NewStuff. Kipengele kipya huelezwa humo kwanza, kwa kirefu, ili wanaokijaribu waelewe. Maelezo yakishaingizwa katika waraka mkuu, faili hilo hupunguzwa likabaki orodha fupi. Ni sebule ya kungojea. Faida yake ni kwamba deni la maandishi linaonekana kwa macho: sebule ikijaa, kila mtu anajua mwongozo umeachwa nyuma.

Thamani ya utaratibu huo ilionekana wazi mwaka 2020. Kwa miaka mingi mipangilio ya Exim iliweza kutaja sanduku la barua kwa kutumia jina lililoandikwa na mtumaji katika anwani, $local_part, likapachikwa moja kwa moja katika njia ya faili. Toleo la 4.94 lilikataa. Data iliyotoka nje ilihesabiwa kuwa na doa, isitumike katika njia ya faili mpaka ithibitishwe dhidi ya orodha ya ndani na kupatikana kama $local_part_data. Sababu ilikuwa ya kiusalama na ilikuwa sahihi: mgeni hapaswi kuchagua faili la kuandikwa katika nyumba ya mwenyeji. Lakini siku hiyo mifano isiyo na idadi iliyonakiliwa kutoka kwa fundi hadi fundi iliacha kufanya kazi. Debian 11, iliyotoka Agosti 2021, ikawapelekea mabadiliko hayo hata waliokuwa hawajasikia lolote. Aliyekuwa na waraka rasmi wa toleo lake alikuta sababu na njia ya kutokea. Aliyekuwa na maelekezo ya kunakili alikuwa na seva iliyokufa na maelekezo yanayoapa kwamba iko hai.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya kanda, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vikiwemo, kwa barua za kompyuta zilizopitia laini za simu. Kuanzia mwaka 2000 mafundi wa bara hili wakawa wanakutana kila mwaka katika mafunzo ya AfNOG, yaliyofika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, na humo Exim ilifundishwa ikiwa juu ya FreeBSD. Mafunzo ya kila mwaka yana sifa moja ambayo vitabu havina: mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi thelathini na zoezi lililokufa ataaibika kabla ya chai ya saa nne. Aibu hiyo ni aina ya utunzaji.

Kulikuwa na jaribio la Kiswahili pia, na matokeo yake yanafundisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya programu za ofisi za OpenOffice, Desemba 2004. Ilikuwa kazi ya heshima. Istilahi zilibidi zibuniwe, zijadiliwe, zipatanishwe. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice 2.0 ikatoka, na mwaka 2010 watengenezaji wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Tafsiri ilikuwa tukio lenye tarehe, na programu ilikuwa mto. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba hakuna haja ya miongozo ya seva kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi wetu wamesoma sekondari kwa Kiingereza, namkubalia nusu. Kuutafsiri waraka wote wa Exim leo kungekuwa kuandaa mtego kwa mwenye 4.94 ya kesho. Nusu ya pili simkubalii. Karagwe imejua kuandikwa na wageni tangu msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa mtawala wake, Omukama Rumanyika, mwaka 1861. Walioandika na kurekebisha kutoka ndani ndio walikuwa wachache, na ndiyo maana msamiati wa Kinyambo, lugha ya huko, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, alioutoa Josephat Rugemalira mwaka 2002, una uzito zaidi ya unene wake. Kuna mambo ambayo Cambridge haiwezi kuyaandika kamwe: seva hii ya hapa imepangwaje, nani aliipanga, na kwa nini.

Litabaki pingamizi la mwisho, kwamba yote haya ni historia tupu, kwani watu wamehamia Gmail. Wengi wamehama kweli. Hata hivyo serikali ya Tanzania ina mfumo wake wa barua pepe, na tangu mwaka 2019 ina Sheria ya Serikali Mtandao. Na kuhama kwa wengi hakujawapunguzia kazi waliobaki. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai watumaji wa barua nyingi SPF, DKIM na DMARC, njia za kuthibitisha mtumaji, na asiyetimiza barua zake zinaweza kukataliwa mlangoni. Kanuni sasa zinabadilishwa na mwenye nyumba kubwa, na mwenye seva ndogo analazimika kusoma mara nyingi zaidi kuliko alivyosoma mwaka 1998.

Hazel alistaafu mwaka 2007. Waraka wake bado hutoka na kila toleo, na mahali pa jina la mwandishi pameandikwa tu Watunzaji wa Exim. Kwa halmashauri ya wilaya waraka wa namna hiyo hauhitaji kurasa mia tano. Ungetosha ukurasa mmoja wa safu chache: kata, kikoa, kuanzia lini, nani alibadilisha. Mstari wa Nyakatuntu ungeanza na Karagwe mpaka 2012, ufuate Kyerwa kuanzia 2012, na chini yake paachwe nafasi.