Lugha ya C Katika Kurasa za Wavuti

Lugha za kompyuta zina vyeo. Zipo za juu, zilizo karibu na usemi wa wanadamu, na zipo za chini, zilizo karibu na mtambo. Lugha iitwayo C, aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, leo yahesabiwa miongoni mwa zile za chini, kwa kuwa mwandishi wake hana mtumishi. Kila neno atakalo kulihifadhi, sharti alikatie nafasi mwenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta, aipime, na kuiachilia akiisha kuitumia.

Mwaka 1993, wavuti ilipokuwa changa, seva iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois iliandikwa kwa C. Hapo ndipo ulipotokea utaratibu wa CGI: msomaji akiomba ukurasa, seva huamsha programu nyingine na kuikabidhi ombi, nayo hutunga jibu papo hapo. Programu ya C ilijibu upesi. Lakini taabu ya kuiandika! Jina la mgeni likizidi nafasi lililokatiwa, herufi za ziada humwagika juu ya mambo ya jirani. Na mgeni mwenye hila aweza kuzipanga zikawa amri.

Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika kwa C programu chache za namna hiyo ili ajue idadi ya waliosoma wasifu wake. Mwaka uliofuata alizitoa kwa watu wote, zikakua hata zikawa lugha kamili, PHP. Waliomfuata waliandika maneno mepesi, na C ikabaki chini ikibeba mzigo. Naona huo ulikuwa werevu mkubwa, ingawa kujificha si kuondoka.

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa ila iitwayo Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu ya C itunzayo siri kati ya msomaji na seva. Ombi liliweza kudai kwamba limeleta herufi zaidi ya 60,000, hali limeleta chache tu. Programu haikuhesabu. Ilirudisha hizo chache pamoja na chochote kilicholala jirani, yakiwemo maneno ya siri ya watu. Ila hiyo ilikuwamo tangu toleo la mwaka 2012, na wenye tovuti wasiopata kuandika hata mstari mmoja wa C walihatarishwa sawasawa na wengine.

Mwaka 2015 lilitoka toleo la kwanza kamili la Rust, lugha iliyo karibu na mtambo vilevile, ila hukagua matumizi ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kazi. Wanaojifunza huiona kali mno.